Msimwambie Achague Moja



Leo hakuna shela wala rangi za msimu. Zile abaya za mikono mipana tulizoahidi zitakuja wiki ijayo inshaallah. Leo tuna maneno, na maneno yenyewe yana mwiba, kwa hivyo anayesoma avute mkeka akae vizuri.

Sisi tunaoshona na kuuza nguo za maharusi hapa Kariakoo tunasikia mengi. Bi harusi akisimama kupimwa, mikono juu, futi kiunoni, waliomsindikiza hukaa kwenye benchi wakamzungumza kana kwamba hayupo. Ukumbi bei gani, biriani atapika nani, sare za kamati ziwe kitambaa kipi. Na siku hizi kuna neno moja linarudi kila mara, khasa bi harusi akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu: "Akishaolewa, atachagua moja."

Neno hilo tumelichoka.

Anayesemwa ni nani? Ni msichana aliyetoka Wete, au Mkoani, au Bububu, akafaulu sayansi, akapata nafasi Dar es Salaam, akaja kukaa kwa shangazi yake hapa Kariakoo au Magomeni. Anasoma shahada ya kwanza ya baiolojia ya molekuli na bayoteknolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Usiku wenzake wakilala, anajifundisha kuandika programu za kompyuta, kwa sababu ameona mwenyewe kwamba baiolojia ya leo haiendi mbali bila hiyo. Na moyo wake uko hospitali. Anataka kile anachokipata maabara siku moja kimfikie mgonjwa kitandani. Ukikaa naye kiti kimoja kwenye daladala atakueleza mpaka upitilize kituo. Lakini mbele ya lile benchi hana jina. Daktari? Hapana. Nesi? Hapana. Fundi kompyuta? Hapana. Basi hukumu inatoka papo hapo: huyu alikosa alama za udaktari, anapoteza muda tu, na achague moja. Au bora zaidi aache yote, aolewe, atulie.

Hata mtu wa cherehani hawezi kuikubali hoja hiyo. Kushona ni kupima, kukata na kuunga. Kwenye kozi yetu ya ushonaji hakuna mwalimu aliyetuambia tuchague moja. Fundi anayejua kupima asijue kukata ni mharibifu wa vitambaa vya watu. Huyu msichana naye ana kazi moja, ila ina mikono mitatu.

Tuieleze hiyo kazi kwa lugha ya dukani, maana wengi wanaoipinga hawajapata wa kuwaeleza. Ndani ya mwili wa kila mtu Mwenyezi Mungu ameweka patani. Imeandikwa kwa herufi 4 tu, lakini zimepangwa moja baada ya nyingine kufikia kama bilioni 3. Ndiyo inayoitwa DNA. Nani atazisoma bilioni 3 kwa kidole? Damu inachukuliwa, mashine inaisoma vipande vipande, mfano wa patani iliyochanwa ikatawanywa sakafuni, kisha kompyuta ndiyo inayovipanga vipande na kulinganisha mtu na mtu, mgonjwa na mzima. Anayejua damu peke yake atabaki na vipande mkononi. Anayejua kompyuta peke yake ataviunga bila kujua alichoshika ni mkono au ni kola. Na asiyejali hospitali atamaliza kazi nzuri ikalala kabatini. Ndiyo kisa akatafutwa mtu mwenye vyote.

Sasa tuje majumbani mwetu, maana hapa ndipo tunapokasirika.

Mnamjua mtoto anayevimba vidole vya mikono na miguu, macho manjano, analia mifupa usiku kucha, kila baada ya muda anaongezwa damu. Ugonjwa huo ni selimundu, wengine tunaita sikoseli. Kati ya zile herufi bilioni 3, herufi moja imebadilika mahali inapoandikwa himoglobini, ile inayobeba hewa kwenye damu. Herufi moja tu. Chembe nyekundu ya damu, iliyotakiwa kuwa ya mviringo na laini, inajikunja kama mundu wa kukatia majani, inakwama kwenye mishipa, na badala ya kuishi siku kama 120 inakufa ndani ya siku 10 au 20. Tanzania ni katika nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu. Makadirio yanayotajwa ni kama watoto 11,000 kila mwaka.

Na lawama anabeba nani? Mama. Ana mkosi, kizazi chake kibovu, kaolewa na jini, kaingiliwa na jicho la watu. Tumeona wanawake wakirudishwa kwao na mtoto mgongoni kwa jambo ambalo mume amechangia sawa sawa na yeye. Maana hivi ndivyo lilivyo: mtoto hapati selimundu mpaka apokee herufi iliyobadilika kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Mtu mwenye nusu, anayeandikwa AS kwenye karatasi ya maabara, ni mzima, anafanya kazi, anacheza mpira, hana dalili. AS akioana na AA hakuna mtoto atakayeumwa selimundu. AS akioana na AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa. Kila mimba, msikie vizuri. Watatu wa mwanzo kuwa wazima hakumkingi wa nne, na wa kwanza kuumwa hakumalizi zamu.

Wala si laana ya ukoo wa mtu. Miaka ya 1950 mwanasayansi Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye nusu hiyo wana kinga dhidi ya malaria kali. Kwetu pwani na visiwani malaria ilitawala karne na karne, ndiyo maana herufi hiyo imebaki kwetu kwa wingi. Kile kilichomwokoa bibi na homa ndicho kinachomtesa mjukuu aliyekipokea pande mbili.

Kutoka dukani kwetu mpaka Muhimbili ni mwendo wa mguu. Unapita Fire, unashika barabara ya Umoja wa Mataifa, umefika Upanga. Pale Profesa Julie Makani, Mtanzania, mwanamke, daktari wa damu, pamoja na wenzake, wamekusanya na kufuatilia maelfu ya wagonjwa wa selimundu kwa miaka mingi, na mwaka 2011 Royal Society ya Uingereza ilimtunuku kwa kazi hiyo. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kikawa kituo kikuu cha mradi ulioanza kwa kuunganisha Tanzania, Ghana na Nigeria, unaoitwa SPARCO, wa kuandikisha wagonjwa wa selimundu kwa mpango mmoja ili taarifa za nchi zote zisomeke pamoja. Fikirieni daftari la wagonjwa maelfu, kila mmoja na damu yake, dawa zake, siku alizolazwa, herufi zake. Nani atalisoma daftari hilo? Yule yule mnayemwambia achague moja.

Sisi watu wa visiwani kwenye posa tunauliza ukoo vizazi 7. Babu yake nani, kaja na jahazi gani, wanatokana na Shihiri au na Muskati. Damu hatuulizi. Na ajabu ni kwamba hiyo nasaba tunayojivunia, siku hizi wanaoijua vizuri ni hao hao watoto wa baiolojia na kompyuta. Wagonjwa wa selimundu wa Oman walipochunguzwa herufi zinazoizunguka jeni hii, ilionekana imefika huko kwa njia zaidi ya moja: ipo aina ya Uarabuni na India, na ipo aina inayoitwa ya Kibantu, iliyotoka huku kwetu. Na mwaka 2023 watafiti, akiwemo Mkenya Chapurukha Kusimba, walitoa matokeo ya DNA ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi katika miji ya pwani ya Waswahili. Akina baba wa ng'ambo walionekana, wengi wa Uajemi, kuanzia kama mwaka 1000. Akina mama wengi walikuwa wa Afrika hii hii. Mama zetu hawakuandikwa kwenye vitabu vya nasaba, lakini walibaki ndani ya damu, na kompyuta ndiyo iliyowatoa. Hilo tunalisema kwa kupita tu, ila lina utamu wake.

Kuna wanaotujibu kwa dini. Wanasema kupima damu kabla ya ndoa ni kuingilia kadari. Kwanza, mwaka 2004 Saudi Arabia, nchi ya Makka na Madina, ilifanya kipimo cha selimundu na thalasemia kuwa sharti kwa wanaotaka kufunga ndoa. Majibu yakitoka hawakatazwi kuoana. Wanaelezwa, wanaamua wakiwa macho wazi. Kama masheikh wa huko hawakuona kuwa kadari imeguswa, sisi wa Mchikichini tumepata wapi elimu zaidi? Pili, yule bedui na ngamia wake mnamjua, na alichoambiwa na Mtume (s.a.w.) mnakijua. Tatu, amri ya kwanza iliyoshuka pango la Hira ilikuwa ya kusoma. Haikusema msome mpaka mpate mchumba.

Wengine wanatujibu kwa stara. Msichana atakuwa maabara na wanaume mpaka usiku, nyumba ataiweka saa ngapi? Hii ni hoja, hatuibezi, na mume ana haki ya kuuliza. Lakini tazameni jambo la kuchekesha. Ile sehemu ya masomo yake ambayo benchi linaidharau zaidi, ile ya kompyuta, ndiyo inayofanyika mtu akiwa kwake, mtoto kalala, chai pembeni, kanga kiunoni. Damu ikishasomwa na mashine inakuwa maandishi, na maandishi yanatumwa popote penye intaneti. Mwanamke anaweza kukaa Micheweni akachambua sampuli zilizosomwa Dar es Salaam. Mnamwambia aache kompyuta abaki na ndoa, wakati kompyuta ndiyo inayokaa vizuri na ndoa kuliko duka letu hili la kufungua saa 2 asubuhi na kufunga usiku na mguu umevimba.

Na kuna hoja ya tatu, ile ya kukata tamaa: hata akisoma, dawa zitatoka Ulaya. Hapa tunaomba utulivu kidogo.

Ni kweli tiba mpya imetoka ng'ambo. Wanawake wawili, Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna, walipata tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kugundua namna ya kukata DNA mahali unapotaka. Watu wanauita mkasi wa jeni, na sisi wa mikasi jina limetupendeza. Mwezi wa Novemba 2023 Uingereza ikaruhusu tiba ya selimundu inayotumia mkasi huo, inaitwa Casgevy, na Desemba Marekani ikafuata. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Wagonjwa wengi wa selimundu duniani wako Afrika. Tiba iko kule, bei iko kule, wagonjwa wako huku.

Lakini bei si jambo pekee. Fundi yeyote anajua ukikata patani kwa vipimo vya mtu mmoja, ukamvalisha mwingine, mahali fulani patabana. Mkasi wa jeni unaelekezwa kwa herufi: unaambiwa tafuta mfululizo huu, kata hapo. Lazima kwanza kompyuta ipekue zile bilioni 3 kuona kama kuna mahali pengine panafanana, mkasi usije ukakata pasipotakiwa. Sasa je, ikipekua patani ambayo si ya watu wetu? Watafiti wa Marekani na Italia waliandika programu ya kompyuta inayopekua tofauti za watu wa mataifa mbalimbali, na ripoti yao ilitoka katika jarida la Nature Genetics mwaka 2023. Walikuta kwamba ile njia ya kuuelekeza mkasi iliyotumika kwenye tiba hiyo ya selimundu ina mahali pa ziada panapoweza kukatwa, na mahali hapo panatokana na tofauti ya herufi inayoonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Hawakusema tiba ni sumu. Walisema waangalieni na hawa watu pia, kabla ya kukata.

Someni tena hapo. Hilo halikugunduliwa na daktari mwenye koti jeupe peke yake. Lilihitaji mtu anayejua jeni, anayejua kuandika programu, na anayejali mgonjwa atakayelala kwenye kitanda kile. Ni hayo matatu yenyewe. Na kwa nini kazi ya kuuliza "je, watu wa Afrika?" iwe ya mtu wa Boston? Msichana wa Wete angeuliza swali hilo siku ya kwanza, kwa sababu ana mdogo wake nyumbani anayelia mifupa.

Basi tuna maneno ya kuwagawia.

Mama wakwe, mnapotuma watu kuposa, ulizeni damu kama mnavyouliza ukoo, na mpeleke ya kwenu pia. Kijana wenu apimwe kwanza. Msimtume binti wa watu maabara peke yake kana kwamba ugonjwa unakaa upande wa kike. Kipimo ni damu kidogo tu. Kikisema wote wawili ni AS, kaeni na wataalamu mwelezwe, halafu amueni, na atakayevunja uchumba asivunje na heshima ya mtoto wa mwenzie. Habari hiyo isifike kwenye kamati.

Makaka mnaooa, semeni mapema. Kama unataka mke asiyesoma, nenda kwa asiyesoma, wapo na wana heri zao. Lakini kumposa mwanafunzi wa mwaka wa pili, ukimsifia akili mbele ya wazazi wake, kisha siku ya saba baada ya fungate ukamwambia funga hiyo kompyuta, huo ni udanganyifu wa biashara. Sisi ukitununulia kitambaa cha hariri kikageuka polista ukifika nyumbani, utakirudisha. Yeye atakurudisha wapi?

Mabibi harusi, nanyi msituletee machozi dukani jambo likiwa limekwisha. Mwambieni walii wenu kabla, na mbele ya watu wa kuposa itajwe wazi kuwa utamaliza shahada yako, na kama una nia ya kuendelea, itajwe. Muulizeni kadhi au sheikh wenu namna ya kuliandika ili lishike. Na mahari ni haki yako, unayataja wewe. Mtume (s.a.w.) aliozesha mtu kwa mahari ya kumfundisha mkewe Qur'ani aliyoihifadhi. Elimu ilikuwa mahari. Basi wewe ukisema mahari yangu ni laptopu nzuri yenye nguvu ya kazi yangu, na ada ya mwaka uliobaki, nani atakucheka? Watacheka kamati, wacheke. Shela unalivaa saa 5, tena saa 2 katika hizo ni za picha. Tunayasema haya nasi tunauza mashela, na lile la mkia mrefu ndilo lenye faida kubwa kwetu.

Mashangazi wa kwenye benchi, ninyi ni wateja wetu na tunawapenda. Mmewalea hawa wasichana, mmewapa chumba na wali wa usiku, mmewaamsha alfajiri wasichelewe daladala za Mwenge. Binti akirudi jioni, muulizeni leo kasoma nini, mkae mumsikilize mpaka mwisho hata kama neno la pili hamkulielewa.

Kuanzia mwezi huu, bi harusi yeyote atakayekuja na kitambulisho cha chuo, pindo la shela lake hatutamtoza. Akija pia na karatasi ya kipimo chake na cha mchumba wake, hatutaisoma, ni siri yao, lakini na ushungi tutamshonea bure. Waliomsindikiza watapata chai na kashata kama kawaida, na benchi liko pale pale. Ila lile neno wakilisema, futi tunaliweka chini, tunazima cherehani, na watatuambia wao wenyewe wamechagua lipi kati ya kupimiwa na kukatiwa.